Maksweli, laini, weba: kusoma vipimo vya zamani vya fluksi ya sumaku

Spika ya zamani Lamu haitupwi. Ilikuja enzi za redio za valvu, ikapigia arusi, ikahamia madrasa, na leo imelala kifudifudi mezani kwa fundi ikingoja koili mpya. Mgongoni mwa sumaku kuna kikaratasi kilichofifia chenye namba mbili: gausi 12,000 na maksweli 56,500. Kijana anayejifunza kazi alizitafuta kwenye simu, akakutana na weba na tesla, vipimo vya kisasa vya mambo hayohayo, akazidi kuchanganyikiwa.

"Ami, hizi ni namba mbili za kitu kimoja, au vitu viwili?"

"Viwili, mwanangu. Hii ya kwanza ni nguvu ya pale mahali, ile ya pili ni jumla yake."

Jibu hilo lina uzito kuliko jedwali lolote la kubadilishia vipimo. Kutoka maksweli kwenda weba ni kusogeza nukta ya desimali hatua nane tu, kazi ya mtoto wa darasa la saba. Watu hawakosei hapo. Wanakosea kabla ya kufika hapo, wanapochukua kipimo cha msongamano (ile nguvu ya pale mahali) wakakiita fluksi (ile jumla), au wanapozidisha inchi kwa sentimita bila kujua.

Tuanze na huo msongamano, na tutumie sumaku isiyohitaji kununuliwa, yaani dunia yenyewe. Hapa Lamu uga wa sumaku wa dunia una nguvu ya karibu theluthi moja ya gausi, na sehemu yake kubwa imelala ikielekea kaskazini. Kaskazini kwetu ndiko karibu kabisa na kibla, hivyo imamu na sindano ya dira wanatazama upande mmoja. Sasa chukua mlango wenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, uuweke katika ukuta wa upande wa kibla. Eneo lake ni sentimita za mraba 20,000. Sehemu ya uga inayoupenya moja kwa moja ni kama gausi 0.3. Zidisha, upate maksweli 6,000. Hiyo ndiyo fluksi inayopita mlangoni.

Ung'oe mlango uleule, uupeleke kwenye ukuta unaotazama bandari, yaani mashariki. Uga haukupungua hata chembe. Lakini sasa unapita sambamba na mbao badala ya kuzipenya, na fluksi ya mlango inakaribia sifuri. Msongamano umebaki vilevile, fluksi imetoweka.

Kwa hiyo gausi hueleza uga umesongamana kiasi gani mahali fulani, na maksweli hueleza ni kiasi gani kwa jumla kimepenya eneo fulani, pembe ikiwa imehesabiwa. Maksweli moja ni gausi moja mara sentimita moja ya mraba. Mtu akikuuliza gausi moja ni weba ngapi, usihangaike na kikokotoo. Swali halina jibu mpaka akutajie eneo.

Rudi kwenye spika uone jinsi namba zake zinavyokagulika kwa rula. Fluksi hupita katika pengo jembamba la duara ambamo koili inacheza. Tuseme kipenyo cha pengo ni sentimita 2.5 na bamba la juu la chuma lina unene wa sentimita 0.6. Eneo ambalo fluksi inalivuka ni mzingo mara unene: 3.1416 × 2.5 × 0.6, sawa na sentimita za mraba 4.71. Mara gausi 12,000 unapata 56,500 na kitu kidogo juu. Kikaratasi kilisema kweli. Kwa vipimo vya leo ungeandika tesla 1.2 na miliweba 0.565. Spika kubwa zaidi, yenye koili ya sentimita 5 na bamba la sentimita 0.9, inaweza kuwa na gausi zilezile 12,000 lakini ikabeba maksweli karibu 170,000. Ndiyo maana watengenezaji wa zamani waliandika namba zote mbili. Nadhani ulikuwa uungwana ambao siku hizi umepungua, maana matangazo ya spika sasa yanakutajia wati peke yake, na wati hazikwambii lolote kuhusu sumaku.

Hiyo milioni mia moja inayotenganisha maksweli na weba ilitoka wapi? Kuna njia mbili za kuifikia, na inafaa kuzijua zote, kwa sababu moja ikikuponyoka utaikamata kwa nyingine.

Njia fupi ni ya eneo. Tesla moja ni gausi 10,000. Mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000. Weba ni tesla mara mita ya mraba, basi ni 10,000 mara 10,000, yaani maksweli milioni 100.

Njia ndefu ni ya umeme, na hii ndiyo iliyozaa kipimo chenyewe. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba fluksi inapobadilika ndani ya duara la waya, umeme huzaliwa wayani. Yeye alizungumzia mistari ya kani, ile inayojichora yenyewe ukinyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi iliyo juu ya sumaku. Wahandisi waliomfuata walifanya kile wahandisi hufanya: wakaanza kuihesabu hiyo mistari kana kwamba ni nyuzi halisi. Kila mstari wakauita laini, na laini moja ndiyo maksweli moja. Katika mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, laini moja ikikatwa kila sekunde na raundi moja ya waya, umeme unaopatikana ni kipimo kimoja cha mkazo wa umeme, yaani volteji. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kilikuwa kidogo mno, hakifai kwa kazi yoyote ya karakana. Mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 uliidhinisha volti kuwa vipimo hivyo milioni 100, kiasi kinachokaribiana na betri ya Daniell iliyokuwa ikitumika kwenye telegrafu.

Basi weba ikawa inajieleza. Ni fluksi ambayo ikitoweka kwa mwendo ulio sawa katika sekunde moja, ndani ya raundi moja ya waya, inazaa volti moja. Kwa maneno mengine weba ni volti-sekunde, na ukikuta hati imeandika volti-sekunde usitafute kikokotoo, ni weba ileile. Mimi hupenda kuyarudisha mambo yote hapa. Vipimo vya kale vikichafuka kiasi gani, uliza tu: raundi moja ya waya ingetoa volti ngapi kwa sekunde ngapi? Jibu likipatikana, weba imepatikana.

Majina yalikuja kwa awamu, na awamu hizo zimeacha mitego. Mkutano wa Paris wa mwaka 1900 uliipa fluksi jina la James Clerk Maxwell, na jina la Carl Friedrich Gauss likapewa nguvu ya uga. Lakini nguvu ya uga ipi? Kuna ile ambayo umeme wa koili unasukuma, wanayoiandika H, na kuna msongamano unaopatikana ndani ya chuma, wanaouandika B. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme ilitenganisha majina hayo mwaka 1930: gausi ikabaki na B, na H ikapewa oestedi, kwa jina la Hans Christian Ørsted. Kwa hiyo hati ya kabla ya 1930 inaposema gausi, soma sentensi nzima kwanza, huenda inazungumzia H. Weba, kwa jina la Wilhelm Weber aliyefanya kazi na Gauss kule Göttingen, ilipitishwa na tume hiyo mwaka 1935 na kukubaliwa na mkutano mkuu wa vipimo mwaka 1948. Tesla ndiyo ya mwisho, mwaka 1960. Vitabu vya katikati ya miaka hiyo, ambavyo bado havijaijua tesla, huandika weba kwa mita ya mraba. Ni kitu kilekile, moja kwa moja.

Mtego unaowaumiza mafundi zaidi ni inchi. Vitabu vingi vya zamani vya Marekani kuhusu mota na transfoma havitumii gausi. Vinatumia laini kwa inchi ya mraba, na fluksi ya jumla wanaiandika kwa kilolaini, yaani maksweli 1,000, au megalaini, yaani maksweli milioni moja. Fluksi yenyewe haina shida hapo: laini ni maksweli, inchi ziwepo zisiwepo. Shida iko kwenye msongamano. Inchi moja ya mraba ina sentimita za mraba 6.4516, hivyo gausi moja ni laini 6.4516 kwa inchi ya mraba, na tesla moja ni laini 64,516.

Tufanye hesabu moja mpaka mwisho, ya transfoma ya kawaida ya kulinda friji la samaki. Umeme wa ukutani ni volti 240, hezi 50. Upande wa kwanza una raundi 480. Kanuni inasema volti ni 4.44 mara hezi mara raundi mara fluksi, na fluksi hiyo ni ya kilele, si ya wastani. Geuza kanuni: 240 gawanya kwa (4.44 × 50 × 480), unapata weba 0.00225. Hiyo ni miliweba 2.25, au maksweli 225,000, au kilolaini 225. Kiini cha chuma kikiwa na eneo la sentimita za mraba 18.8, msongamano ni 225,000 gawanya kwa 18.8, karibu gausi 12,000, sawa na tesla 1.2. Kwa inchi, eneo ni 2.91, na msongamano ni laini 77,000 na ushei kwa inchi ya mraba. Namba tatu, chuma kilekile.

Sasa tuone mambo yanavyoharibika. Kitabu kinasema chuma hiki kisizidi laini 77,000 kwa inchi ya mraba. Fundi anapima kiini kwa rula ya sentimita, anazidisha 77,000 kwa 18.8, anapata maksweli milioni 1.45. Anadhani ana nafasi kubwa, kanuni inampa raundi 74 au 75 badala ya 480. Transfoma hiyo ikichomekwa itanguruma, chuma kitashiba (kitashindwa kubeba fluksi zaidi kirahisi), waya utavuta umeme bila breki, na kama fyuzi ni ya kubahatisha, harufu ya vanishi itafika hadi mtaa wa pili. Hesabu yake ya kuzidisha ilikuwa sahihi kabisa. Alichozidisha ndicho kilichokuwa cha nchi mbili.

Kanuni yenyewe nayo huja kwa sura mbili. Katika vitabu vya zamani mwisho wake huwa na "mara 10⁻⁸", kwa sababu fluksi imewekwa kwa maksweli na jibu linatakiwa kwa volti. Katika vitabu vipya kipande hicho hakipo kwa kuwa fluksi imewekwa kwa weba. Ukiweka weba kwenye kanuni yenye 10⁻⁸ unapata volti zisizowasha hata taa ndogo kabisa. Ukiweka maksweli kwenye kanuni isiyokuwa nayo unapata mabilioni ya volti. Makosa haya mawili angalau yana adabu, yanajitangaza. La inchi halijitangazi.

Na kabla hatujaacha vitabu vya Marekani: vinahesabu hezi 60. Transfoma iliyopangiwa laini 75,000 kwa inchi ya mraba kwa umeme wa hezi 60 wenye volti zilezile, ukiileta kwenye hezi 50 zetu fluksi inapanda kwa sehemu moja ya tano, inafika 90,000. Kwa tesla imetoka 1.16 kwenda 1.4. Chuma kizuri kitavumilia, cha bei rahisi kitapiga kelele na kupasha moto.

Linabaki suala la 4π, ambalo wanafunzi wanaliogopa kuliko linavyostahili. Kuna kipimo cha fluksi cha kale zaidi kinachoitwa ncha ya kipimo, na ukikikuta kwenye jedwali utaona kimeandikiwa maksweli 12.566. Namba hiyo ya ajabu ni 4π tu. Wataalamu wa wakati ule waliwaza ncha moja ya sumaku inayoisukuma nyingine kama hiyo, iliyo sentimita 1 mbali, kwa nguvu ya daini 1, kipimo kidogo cha kani. Kuizunguka ncha hiyo chora tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 1. Uso wa tufe una sentimita za mraba 12.566, na kila sentimita ya mraba inapenywa na laini moja. Jumla yake ndiyo hiyo. Kwa weba ni mikroweba 0.1257, na weba moja ina ncha za kipimo karibu milioni 7.96. Sijui fundi anayeihitaji leo, lakini imo kwenye programu nyingi za kubadilishia vipimo, na mtu akiichagua kwa bahati mbaya jibu lake litapotoka mara 12 na zaidi.

4π hiyohiyo inajitokeza unapobadilisha oestedi: oestedi moja ni ampea 79.58 kwa mita, yaani 1,000 gawanya kwa 4π. Hapa watu huuliza, je, gausi na oestedi si kitu kimoja? Babu zetu waliopima nafaka wangelielewa jambo hili upesi. Pishi moja ni vibaba vinne, iwe ya mchele au ya mtama, kwa sababu vyote viwili ni vipimo vya ujazo. Lakini pishi moja ni kilo ngapi? Hapo lazima uulize kilichomo. Maksweli na weba ni kama kibaba na pishi, uhusiano wao haubadiliki. Gausi na oestedi ni kama pishi na kilo. Hewani namba zao zinalingana, gausi moja kwa oestedi moja, na ulinganifu huo ndio uliowadanganya wengi. Ndani ya chuma laini oestedi chache zinaweza kuzaa gausi zaidi ya elfu kumi. Ukichukua H ya chuma ukaiandika kama B kwa kuwa hewani zinalingana, umepotea mara maelfu.

Kuna pia kipimo cha fluksi cha mfumo wa kielektrostatiki, kikubwa ajabu, karibu weba 300 kwa kimoja. Nakitaja ili ukikikuta usidhani ni kosa la uchapaji.

Mita za zamani za kupimia fluksi zina ujanja wao. Unaunganisha koili ndogo ya majaribio, unaichomoa haraka kutoka kwenye pengo la sumaku, na sindano inasogea. Lakini kinachosomwa si maksweli, ni maksweli-raundi, kwa kuwa kila raundi ya koili imeikata fluksi ileile tena. Koili ya majaribio ikiwa na raundi 50 na sindano ikaonyesha maksweli-raundi milioni 1, fluksi ni maksweli 20,000, sawa na miliweba 0.2. Mita za kisasa hufanya vivyo hivyo kwa weba-raundi au volti-sekunde, na sehemu ya kuandika idadi ya raundi iko kwenye kioo. Mtu akiiacha kwenye moja, jibu litaongezeka mara 50 na mita haitamlaumu.

Vipi ukikuta namba tupu, kipimo kimefutika au kimeliwa na mende? Chuma chenyewe kitakusaidia. Chuma cha transfoma na mota hushiba karibu na tesla 2, na hakuna anayekifanyisha kazi zaidi ya hapo. Tesla 2 ni gausi 20,000, na ni laini 129,000 kwa inchi ya mraba. Hivyo msongamano ulioandikwa 1.4 ni tesla. Ulioandikwa 14 ni kilogausi. Ulioandikwa 14,000 ni gausi. Ulioandikwa 85,000 hauwezi kuwa gausi kwa vyovyote, maana ingekuwa tesla 8.5, basi ni laini kwa inchi ya mraba, na tesla yake ni 1.32. Kinachobaki na utata kidogo ni namba za kama 10,000 mpaka 20,000, ambazo zinaweza kuwa gausi za chuma kinachofanya kazi au laini za inchi katika pengo la hewa la mota ndogo, na hapo tazama kama michoro ya kitabu hicho imepimwa kwa inchi. Namba ikiwa 300,000 acha kuitafutia msongamano. Hiyo ni fluksi yenyewe kwa maksweli, miliweba 3, na kinachotakiwa sasa ni rula ya kupimia kiini.